Anza na kalenda ya anayeamua

Msomaji ameniandikia kwamba amekabidhiwa programu ya uchechemuzi wa mazingira, yaani kushawishi sera na sheria zibadilike, andiko la mradi liko mezani, na anauliza aanzie wapi. Asianze na andiko. Aanze na kalenda ya mwenye kuamua.

Andiko hufuata robo za mwaka za mfadhili, na mswada haungojei robo hizo. Kamati ya bunge ikiita maoni huweka tarehe, ikifika imefunga. Rasimu za kanuni na tathmini za athari kwa mazingira nazo ni vivyo hivyo. Waraka uliochelewa siku moja hauna kazi, hata ukiwa umeandikwa na bingwa.

Chukua karatasi, chora safu nne: uamuzi gani, nani anautia saini, nani anamshauri, na mlango unafungwa lini. Safu ya tatu ndiyo watu huiacha tupu, nayo ndiyo yenye thamani. Kurasa 30 hazisomwi na waziri. Husomwa na mtaalamu wa idara anayemwandalia muhtasari, na huyo anahitaji kurasa 2 zenye maneno kamili ya kifungu unachotaka, kwa lugha ya sheria. Ukimwandikia tu “kifungu hiki kiimarishwe”, umemwachia kazi yako.

Kisha hesabu kurudi nyuma. Dirisha la kutoa maoni likiwa la siku 30, tenga 3 za mwisho kwa saini na kuwasilisha, 5 za wakili kupitia, 7 za washirika. Zinabaki 15 za kukusanya ushahidi na kuandika. Panapoharibika ni kwenye zile 7: mashirika 12 hayawezi kuafikiana neno kwa neno kwa wiki moja. Kabla rasimu ya serikali haijatoka, kubalianeni nani atasaini kwa niaba ya wote na mambo yapi hayaguswi.

Fedha nazo zina masharti. Kasma ya mafunzo, yaani fungu lake kwenye bajeti, haimlipi wakili bila ridhaa ya maandishi ya mfadhili. Omba kabla ya kusaini mkataba, maana baada ya hapo ni vigumu: ruhusa ya kuhamisha hadi asilimia 10 kati ya kasma bila kibali. Kila mwezi linganisha fedha iliyotumika na muda uliopita. Mwezi wa 6 kati ya 24 ni robo ya muda. Kama umetumia asilimia 9 tu, usijisifu kwa kubana matumizi. Kazi imekwama, na mwishoni mtafanya warsha za kumalizia fedha. Soma pia kifungu cha mkataba kuhusu kushawishi utungaji wa sheria. Wapo wafadhili wasioruhusu fedha yao iguse kazi hiyo, na mkaguzi ataikataa gharama hata stakabadhi zikiwa kamili.

Kwenye ripoti, warsha 14 na washiriki 420 ni hesabu ya viti. Weka daftari la mabadiliko: tarehe, nani alibadili nini, sisi tulichangia nini, nani mwingine alichangia, na ushahidi, iwe barua au kumbukumbu za kikao. Liandike siku hiyohiyo. Usidai ushindi peke yako. Washirika husoma ripoti zako, na wakiona wamefutwa hawatakuja tena. Viashiria navyo viwe vya hatua za njiani. Kampeni ya kutokomeza petroli yenye madini ya risasi, iliyoongozwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilianza 2002, na Algeria, nchi ya mwisho, iliacha kuiuza Julai 2021. Ni miaka 19. Mwenye ruzuku ya miaka 2 angeripoti nchi iliyotangaza tarehe ya kuacha, au kiwango kipya cha mafuta kilichopitishwa, na hayo ni matokeo halali kabisa.

Lipo moja ambalo maandiko mengi hulisahau: wananchi wanaotoa ushahidi dhidi ya mchafuzi. Wao hubaki pale mradi ukiisha. Ombeni ridhaa yao mara mbili, siku ya kurekodi na tena kabla ya kuchapisha, na picha ziondolewe taarifa za mahali zilipopigwa. Shahidi akikataa mara ya pili, ushahidi wake hautumiki, hata kama ripoti nzima imeuegemea.