Jibu: Maneno ya barazani yanaingiaje kwenye hesabu za kipindupindu?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini hesabu za maradhi zihangaike na khabari, wakati kipindupindu hakiambukizi kwa maneno. Kweli, lakini aliyesikia huchemsha maji.

Modeli kongwe ya Kermack na McKendrick (1927), yaani hesabu ya kukisia maradhi yanavyosambaa, katika sura yake nyepesi haibadilishi kiwango cha kuambukizana. Watu wamo kama mawe, hawaogopi kitu! Mwaka 2009 mtafiti Funk na wenzake, katika modeli yao, wakaifanya khabari nayo isambae mtu kwa mtu, ikipoa kila inapopita mdomo mwengine. Tuseme mgonjwa yuko hapo kwenu: jirani anatia dawa kwenye ndoo siku ile ile. Mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, khabari inafika "nasikia huko watu wanaharisha", na msikilizaji anaendelea na juisi yake ya ukwaju yenye barafu isiyojulikana ilikotoka.

Utamu uko hapa. Watu wakichanganyika ovyo, yeyote akikutana na yeyote, khabari hupunguza wagonjwa tu, haizuii mlipuko kuanza. Ila wanaopeana khabari wakiwa ndio hao hao wanaoweza kuambukizana, mfano majirani wa kisima kimoja, mlipuko unaweza kuzimika mapema. Uvumi wa uongo ni hesabu nyengine, mie nimeuacha makusudi.