Soma TAF kwa macho kabla ya kuipa mashine

Wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye kazi ya kubadilisha muundo wa data za hali ya hewa ya anga, hasa mliopangiwa hapa Dodoma, nina machache ya kuwaambia. Mengine niliyajua baada ya kukesha.

Historia yake ni fupi. Kwa miongo mingi utabiri wa kiwanja cha ndege, yaani TAF, umeandikwa kwa msimbo wa herufi na tarakimu unaoitwa TAC. Sasa utabiri uleule unaandikwa kwa XML, maandishi yenye lebo ambayo mashine huyasoma, katika muundo wa data za hali ya hewa ya anga unaoitwa IWXXM. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ilifungua mlango mwaka 2013 kwa nchi zilizokubaliana zenyewe kwa zenyewe, na tangu Novemba 2020 kubadilishana IWXXM ni kiwango rasmi ndani ya Kiambatisho cha 3 cha Mkataba wa Chicago. TAC haijaondoka. Kwa sasa miundo yote miwili inatembea pamoja, na nyinyi mko katikati yake.

Chukueni karatasi mwandike huu, nimeutunga kwa mfano:

TAF HTDO 312300Z 0100/0124 09008KT 9999 SCT020 TEMPO 0112/0115 4000 TSRA BKN018CB=

HTDO ni kiwanja cha Dodoma. Utabiri umetolewa tarehe 31, saa 23:00 Z, yaani saa za dunia, UTC, na 0100/0124 ni muda wake: tarehe 1, kuanzia saa 00 hadi saa 24. Upepo unatoka mashariki, noti 8. Mwonekano ni kilomita 10 au zaidi, na mawingu yametawanyika kwenye futi 2,000. Kati ya saa 12 na saa 15 Z kunatarajiwa vipindi vya mvua ya radi, mwonekano ushuke hadi mita 4,000. Kwa saa zetu hapo ni kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni, wakati ambao mtu yeyote aliyekaa Dodoma siku za mvua anajua wingu linapopandia.

Sasa ulizeni: tarehe 31 ya mwezi gani? Msimbo hausemi. Mwaka nao hausemi. Rubani hahitaji kuambiwa, kwa sababu anausoma leo. IWXXM inataka tarehe kamili, mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo ni programu yenu itakayojaza. Hapo ndipo tulipoangukia kwenye ofisi niliyoanzia kazi. Programu yetu ilichukua mwezi kutoka kwenye saa ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imewekwa saa za Afrika Mashariki. Saa 23:00 Z ya tarehe 31 Desemba, hapa ni saa 8 usiku, tarehe 1 Januari. Programu ikaona Januari, ikaandika kwamba utabiri umetolewa tarehe 31 Januari. Mwezi mzima mbele! Na kihakiki, yaani programu inayokagua faili, kikaupitisha, maana tarehe 31 Januari ipo kwenye kalenda. Kihakiki hukagua umbo na kanuni kadhaa. Hakijui leo ni siku gani. Aliyegundua ni mtabiri wa zamu, mama mmoja mtulivu sana, aliyekuwa na mazoea ya kufungua faili na kuisoma mstari kwa mstari kama barua. Tangu siku ile kila kompyuta ninayoigusa naiweka kwenye UTC, na kila ujumbe unaotoka lazima upite swali moja: umri wake ni saa ngapi? Ukiwa hasi, au ukizidi siku moja, unazuiwa hadi mtu auone.

Tazameni tena ile 0124. Kwenye TAC, saa 24 ndiyo mwisho wa siku. Kwenye XML iandikeni kuwa saa 00:00 ya tarehe 2. Ukisahau kusogeza siku, utabiri wa saa 24 unageuka kuwa wa saa sifuri.

9999 nayo si mita 9,999. Ni alama. Katika IWXXM inakuwa mita 10,000 pamoja na maelezo kwamba mwonekano unazidi hapo. Ukibeba namba bila maana yake, umempa rubani kipimo ambacho hakuna aliyekipima.

Hili lifuatalo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kilichokosekana si sifuri. Kwenye METAR, yaani taarifa ya hali ya hewa iliyopimwa kiwanjani, 00000KT maana yake upepo umetulia. /////KT maana yake hakuna kipimo. IWXXM ina mahali maalumu pa kutaja kwamba thamani haipo na sababu yake, patumieni. Niliwahi kuona faili ya mchana wa Agosti ikisema upepo sifuri, na nje ya dirisha vumbi linapita barabarani na chamchela inazungusha mifuko ya plastiki. Mwandishi wa programu alikuwa amejaza sifuri penye mikwaju, zile alama za /////, ili isikwame. Ni afadhali ikwame. Msimbo usiosomeka nao msiukisie: IWXXM ina sehemu ya kuweka ujumbe wa awali kama ulivyo pale tafsiri inaposhindikana, ili anayepokea ajue kuna utabiri ambao mashine haikuuelewa.

Kuhusu usafirishaji sitakaa sana. Mtandao wa zamani wa ujumbe wa usafiri wa anga, AFTN, una kikomo cha herufi 1,800 kwa ujumbe, na TAF ya mistari miwili ikishakuwa XML inavuka hapo kwa urahisi. Ndiyo maana IWXXM husafiri kwa AMHS, mfumo mpya zaidi wa ujumbe, ikiwa faili iliyoambatishwa. Ila mnapojaribu, wekeni alama ya kwamba ujumbe si wa matumizi halisi. Ni maneno machache tu kwenye mstari wa juu wa faili, na ni rahisi kuyanakili vibaya kutoka jaribio la jana.

Wiki yenu ya kwanza msiandike programu. Kaeni na watabiri zamu mbili tatu, ya usiku ikiwemo, msome TAF kwa sauti hadi zitoke mdomoni bila kuangalia jedwali. Kisha anzisheni folda ya jumbe ngumu: ya mwisho wa mwezi, ya 29 Februari, yenye mikwaju, yenye saa 24, iliyosahihishwa, iliyofutwa. Yangu ilianza na ule ujumbe mmoja wa Desemba, na kila nikibadilisha chochote kwenye programu, huo ndio wa kwanza kuupitisha.