Reale ya 1780: Usiisugue Kabla Haijachunguzwa

SWALI: Nimerithi kutoka kwa marehemu nyanya yangu, mzaliwa wa Moyale, sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya malkia na mwaka 1780. Imekuwa nyeusi kabisa. Dalali mmoja wa Eastleigh anasema ina zaidi ya miaka mia mbili na kwamba itapata bei nzuri nikiisafisha kwa limau na magadi. Nitajuaje ilitengenezwa wapi, na je, niisafishe? – Msomaji, South B

JIBU: Ndugu msomaji, usiisafishe. Nalitanguliza hilo kwa sababu sarafu nyingi za fedha ninazoletewa hapa Nairobi zimekwisha kusuguliwa na mtu aliyedhani anaziongezea thamani, nami hubaki nikitazama uso laini usioweza kunieleza chochote.

Kuhusu umri, dalali wako hana msingi. Maria Theresa wa Austria, ndiye malkia aliye kwenye sarafu yako, alifariki mwaka 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikuwa wameizoea sura yake, kwa hiyo reale, yaani sarafu kama hiyo yako, ziliendelea kupigwa (kutengenezwa) zikiandikwa mwaka uleule wa 1780. Italia ilipojipatia kutoka Austria haki ya kuzipiga mwaka 1935, Waingereza na wengine nao wakaanza kupiga zao, na hivyo zikatoka Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na hata Birmingham. Yako yaweza kuwa ya miaka ya 1940. Herufi S.F. chini ya kifua cha malkia hazithibitishi lolote, kwa kuwa zilinakiliwa pamoja na picha.

Kinachotofautisha kiwanda kimoja na kingine ni mambo madogo mno: idadi na umbo la lulu za bizimu (pini ya vazi) iliyo begani, lulu zilizo kichwani, mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai upande wa pili, na mapambo yaliyo kati ya maneno ya Kilatini kwenye ukingo. Lulu hizo zimeinuka juu ya uso wa sarafu, na kwa hiyo ndizo za kwanza kuliwa na kitambaa chenye magadi. Anayesugua reale anafuta ushahidi uleule ambao wewe unaniuliza jinsi ya kuusoma.

Weusi huo si uchafu wala kutu. Ni utando mwembamba unaotokea fedha inapokutana na salfa iliyo hewani, na wakusanyaji wazoefu huupenda kwa kuwa unaonyesha kwamba sarafu haijachezewa. Reale ina sehemu 833 za fedha katika kila 1,000, na nyingi ya zilizobaki ni shaba, ambayo asidi ya limau huila. Dawa ya meno na majivu huacha mikwaruzo ambayo mnunuzi huiona mara tu anapoweka lenzi jichoni.

Ukitaka kujua kama ni ya fedha kweli, achana pia na sumaku, kwa maana shaba nyeupe na shaba ya manjano nazo hazivutwi. Pima uzito, ambao unapaswa kukaribia gramu 28. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani ya kidijitali, irudishe mizani kwenye sifuri, na uitumbukize sarafu ikiwa imening'inia kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikisoma karibu gramu 2.75, madini yake yanalingana na ya reale.

Nawaonya vivyo hivyo wenye shilingi za Afrika Mashariki. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, kwa hiyo asidi huziharibu vibaya zaidi. Shilingi ya 1942 hutofautishwa kwa herufi moja ndogo, H ya Birmingham au I ya Bombay, na nimeona herufi hiyo ikiwa imefutika kabisa kwa sababu ya unga wa kung'arisha unaouzwa barabarani na watu wasiojua tofauti ya sarafu na sufuria. Wauzaji hao hawarudishi hasara.

Ikiwa reale yako imeshika udongo, iloweke katika maji safi, uikaushe kwa kuigusisha kitambaa laini cha pamba bila kusugua, na uishike kwa ukingo. Ihifadhi katika karatasi isiyo na asidi, wala si katika mfuko wa plastiki laini, kwa sababu baadhi ya plastiki hizo hutoa utando wa kijani unaonata ambao huila fedha polepole.