Usisubiri uone siku zako, yai linatangulia damu

Juzi kuna mdogo wangu mmoja msomaji kaniandikia inbox: "Dada shikamoo, mwanangu ana miezi minane, namnyonyesha vizuri tu na siku zangu hazijarudi tangu nijifungue. Mama mkwe anasema nikiwa nanyonyesha siwezi kushika mimba. Mume anarudi kutoka Geita mwisho wa mwezi, niko salama?"

Nikamjibu palepale, marahaba mdogo wangu, na hapana, hauko salama. Halafu nikashindwa kuendelea na kazi zangu maana hilo swali hata mimi niliwahi kuliuliza, tena niliwauliza watu wanaotakiwa kujua, na majibu niliyopewa yananiuma mpaka leo.

Mwanangu wa kwanza nilimzaa nikiwa nimeajiriwa kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo. Likizo ya uzazi ya kisheria ni siku 84, zikaisha nikarudi kazini. Tunakaa Gongo la Mboto, kwa hiyo alfajiri namnyonyesha natoka giza bado lipo niwahi gari, narudi usiku. Mchana dada wa kazi anampa maziwa ya kopo na baadae uji. Dukani ikifika saa tano matiti yamejaa mpaka blauzi inalowa, naingia stoo nyuma ya makatoni ya taa nakamua kwenye kikombe cha plastiki, namwaga, friji hakuna. Roho inaniuma kila nikimwaga. Na usiku mtoto akishashiba uji wake analala mpaka alfajiri, na mimi kwa uchovu ule nalala nikimshukuru Mungu.

Kila mtu alikuwa ananiona mama anayenyonyesha. Na ni kweli nilikuwa nanyonyesha, lakini sio kule kunyonyesha kunakozuia mimba, na hili ndio wanawake wengi hatuambiwi. Kinachozuia yai kupevuka ni mtoto kufyonza chuchu mara kwa mara, mchana na usiku. Kule kufyonza ndiko kunapandisha homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa, na ndiko kunazuia ubongo kutuma ile amri ya kupevusha yai. Mtoto akianza kukaa masaa mengi bila kunyonya, hasa usiku, amri inarudi taratibu na wewe husikii chochote. Haiumi wala haitoi taarifa, na maziwa unaweza kuwa nayo mengi tu.

Sasa mimi sikukaa nyumbani nikingoja bahati. Nilienda. Mtoto alikuwa na miezi saba hivi, niliomba ruhusa kazini nikaenda kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nesi akachukua kadi ya mtoto, akaniuliza umeshaona siku zako? Nikasema bado. Akanirudishia kadi bila hata kuniangalia, "rudi ukiwa kwenye siku zako, sasa hivi hatuwezi kukupa kitu, huenda una mimba." Hakuna kipimo cha mkojo, hakuna swali la pili, hata kondomu za kuondoka nazo sikupewa. Nikaondoka.

Nikasubiri damu kama nilivyoambiwa. Damu haikuja. Ilikuja kichefuchefu, nikisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa kwa jirani natoka mbio. Kipimo cha duka la dawa kikaonyesha mistari miwili na mwanangu alikuwa hata kusimama bila kushika ukuta hajaweza.

Yaani lile yai la kwanza kabisa baada ya uzazi ndilo lililonasa. Hedhi ni matokeo ya yai lililotoka likakosa mbegu, sasa kama mbegu ipo, hiyo hedhi unayoisubiri itatoka wapi? Miezi ya mwanzo kwa mama anayenyonyesha kikamilifu mara nyingi damu hutangulia bila yai, sawa, lakini kadiri mtoto anavyokua ndivyo uwezekano wa yai kutangulia unavyoongezeka. Kwa hiyo mtu akikwambia usihangaike mpaka uone siku zako, hata awe amevaa nguo nyeupe, usikubali.

Maneno niliyopigwa baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Mtoto aliharisha akakonda, mstari wa uzito kwenye kadi ukashuka, basi nikasikia hadi kwa mawifi kwamba nimembemenda mtoto, yaani nimemdhoofisha kwa kulala na mume wakati bado ananyonya. Mtoto alikuwa anaharisha kwa sababu ya chupa na maji, na alikuwa amepunguziwa maziwa ya mama, lakini lawama ikaja kitandani kwangu. Nililia sana kipindi kile. Na mpango wangu wa kufungua duka langu mwenyewe, ambao najua wengi mnaonisoma mnao kama huohuo, ukasimama, hela ya kikoba ikaenda kwenye kujifungua.

Baadae nilikuja kuelewa kwanini bibi zetu waliamini kunyonyesha kunatosha. Wao mtoto alikuwa mgongoni mchana, kifuani usiku, ananyonya muda wowote anaotaka mpaka miaka miwili. Na juu ya hapo mwanamke alikuwa anaenda kujifungulia kwao na kukaa huko, mume hamsogelei mpaka mtoto atembee, ndio hiyo hofu ya kubemenda ilikuwa inafanya kazi yake. Sisi tumerudi kwa waume zetu arobaini ikiisha, wengine kabla, tumerudi kazini, mtoto yuko na dada na chupa, halafu tunataka kinga ileile ya bibi. Haipo! Wakina mama wakwe mtusamehe tu, ila hii haipo.

Kinga ya kunyonyesha ipo kweli kabisa, mimi siipingi. Wataalamu walikaa Bellagio kule Italia mwaka 1988 wakakubaliana masharti yake, na yanatakiwa yote matatu kwa pamoja. Mtoto awe hajafikisha miezi 6, hedhi iwe haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu au karibu yote, usiku na mchana, mchana yasipite masaa 4 na usiku yasipite masaa 6 bila kunyonya. Ukiyatimiza yote, ni chini ya wanawake 2 kati ya 100 wanaoshika mimba ndani ya hiyo miezi. Damu ya uzazi ya wiki 8 za mwanzo haihesabiwi kama hedhi. Sharti moja tu likivunjika, siku hiyohiyo unahitaji njia nyingine, sio wiki ijayo. Na ambaye hanyonyeshi kabisa, labda maziwa hayakutoka au mtoto alifariki, pole sana dada yangu, wewe unaweza kushika mimba kuanzia wiki ya 4 hivi, yaani hata arobaini haijaisha, kwa hiyo wewe ndio kabisa usisubiri.

Kwa mtoto wa tatu mimi ndio niliongoza, sio kuongozwa. Kijiti cha uzazi wa mpango nilikiomba kabla sijaruhusiwa kutoka wodini, nikawekewa chini ya ngozi ya mkono, nikaondoka na mtoto na kinga yangu. Kijiti hakina estrojeni, ile homoni inayoweza kupunguza maziwa, kwa hiyo hakikati maziwa, na mwanangu alinyonya akanenepa mpaka watu wakaniuliza nampa nini. Duka langu sasa hivi lipo, nauza vifaa vya umeme vilevile nilivyokuwa nawauzia wengine, na najivunia. Wasichana wa saluni pale jirani wananiita mama uzazi wa mpango, nami naitika.

Kwa hiyo ukienda kliniki nenda ukijua unachotaka. Kijiti na kitanzi, kile kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, unaweza kuwekewa mapema kabisa baada ya kujifungua, kitanzi kiwe ndani ya masaa 48, ukichelewa hapo basi subiri wiki 4. Sindano ya miezi mitatu kwa anayenyonyesha huanza wiki ya 6, ila ujue ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi. Vidonge vyenye homoni moja vinamfaa anayenyonyesha, vile vya homoni mbili subiri mtoto afikishe miezi 6. Kondomu muda wowote. Vituo vya serikali huduma hii ni bure, usikubali kuuziwa. Na wakikwambia rudi ukiona siku zako, waambie nipimeni mkojo, na kama kipimo cha siku moja hakitoshi, nipeni kondomu nirudi baada ya wiki chache nipimwe tena. Sema kwa heshima lakini usitoke kwenye kile kiti. Wanaume nanyi mnaosoma, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mwanamke akae angalau miezi 24 tangu ajifungue ndio atafute mimba nyingine. Ukimpenda mkeo mpeleke kliniki, mshike mtoto yeye akiwa ndani, usimwachie hili peke yake halafu mimba ikija unanuna. Mwili wa mwanamke sio shamba la kulima misimu yote jamani!

Na kama umesoma hapa ukiwa umeshanasa na mtoto bado ananyonya, usimwachishe ghafla kwa maneno ya mtaani kwamba maziwa ya mimba ni sumu. Sio sumu. Kama mimba haina shida unaweza kuendelea kumnyonyesha, labda uwe unatokwa damu au ulishawahi kujifungua kabla ya wakati, hapo muone daktari kwanza. Maziwa yanaweza kupungua na ladha kubadilika, basi muongezee chakula, na wewe mwenyewe ule vizuri, na kliniki ya mimba uanze mapema utaje kwamba bado unanyonyesha. Mimi wangu waliniachisha kwa nguvu. Wewe asikulazimishe mtu.