Msimu wa kwanza wa mbio kwa pikipiki ndogo: jibu kwa anayetaka kuanza na cc 600

Ndugu yetu ameuliza kama anunue pikipiki ya cc 600 au aanze na ya cc 300 hivi, kwa ajili ya siku za mazoezi kwenye uwanja wa mbio na hatimaye mbio za klabu hapa Uingereza. Jibu langu ni kwamba aanze na ndogo, na amalize nayo msimu mzima kabla ya kufikiria nyingine. Mimi naishi Leicester, na mwaka jana, kuanzia Aprili hadi Oktoba, nilikimbia na Yamaha R3 niliyoinunua kwa mtu. Nilifanya siku 6 za mazoezi na kushiriki mashindano ya wikendi 4, mengi yake Mallory Park, uwanja ambao hauko mbali na kwangu.

R3 ina injini ya silinda 2 yenye cc 321, nguvu za farasi zipatazo 42, na uzito usiofika kilo 170 ikiwa na mafuta. Pikipiki ya mbio ya cc 600 ina nguvu zaidi ya mara mbili ya hizo, na hapo ndipo penye mtego kwa mwanafunzi. Ukiwa na 600 unaweza kuwahi kushika breki, ukaingia kwenye kona kwa woga, ukatoka umechelewa, na bado ukavuta mafuta kwenye njia iliyonyooka ukawapita watu. Muda wako wa mzunguko utaonekana si mbaya, na hutagundua kwamba hujajifunza kitu. Kwa pikipiki ndogo, mwendo ulioupoteza ndani ya kona injini haikurudishii, na utaukosa mpaka kona inayofuata.

Mallory ina kona iitwayo Gerard's, ndefu mno, ya mkono wa kulia, inayokugeuza karibu nusu duara kamili. Katika siku zangu mbili za kwanza nilikuwa naingia vizuri, kisha nikifika katikati nalegeza mkono wa mafuta kwa sababu naona kona haiishi. Mwalimu aliyenifuata nyuma kwa mizunguko mitatu aliniambia kwamba macho yangu yalikuwa kwenye lami mita chache mbele ya tairi, na kwamba nikiyapeleka mbali, kule kona inakofungukia, mkono utatulia wenyewe. Kipindi kilichofuata nilijilazimisha kutazama mbali na kuushikilia mkono palepale, pikipiki ikiwa imelala na goti langu likiparuza lami kwa mara ya kwanza maishani, na nilipotoka kuingia njia iliyonyooka ya Stebbe, mshale wa mizunguko ya injini ulikuwa juu kuliko nilivyowahi kuuona mahali pale. Hadi mwisho wa msimu nilikuwa nimepunguza takriban sekunde 5 kwa mzunguko, na sehemu kubwa ya sekunde hizo ilitoka kwenye kona hiyo moja. Injini sikuigusa kabisa.

Kwa wale tuliojifunzia nyumbani kuna jambo jingine. Mimi nilijifunza Tanga, kwenye Boxer yenye breki za dramu, barabara za mchanga na vumbi, ambako breki ya mbele ikishikwa vibaya inakuangusha. Mguu wa kulia, unaokanyaga breki ya nyuma, ukazoea kufanya kazi yote. Uwanjani karibu kazi yote ya kusimamisha ni ya breki ya mbele, inayobanwa taratibu kwanza, kisha kwa nguvu uzito unapohamia mbele, kisha kuachiwa kidogo kidogo unapoanza kulaza pikipiki. Ilinichukua siku tatu kuusahaulisha mguu, na nashukuru nilijifunza hilo kwenye chombo chepesi.

Kuhusu leseni, utaipata kwa Auto-Cycle Union, chama kinachosimamia mbio za pikipiki hapa Uingereza, baada ya kuhudhuria mafunzo yao ya lazima, na utavaa kizibao cha rangi ya chungwa, alama ya anayeanza, hadi ukusanye saini za kutosha za mbio ulizoshiriki. Ukaguzi wa pikipiki uuchukulie kwa uzito. Maji matupu yanawekwa badala ya kipoozi chenye glaikoli, kwa kuwa glaikoli ikimwagika inaacha utelezi. Kava la chini lazima liweze kubeba oili ya injini ikivuja. Na boliti ya kumwagia oili inafungwa kwa waya. Mara ya kwanza nilirudishwa. Mkaguzi alipiga magoti na tochi, akaugusa waya wangu kwa ncha ya kidole, akanionyesha kwamba nimeuzungusha kwa upande unaoivuta boliti ifunguke badala ya kukaza. Nilikuwa nimeufunga kwa uangalifu mkubwa, ila kinyume.

Nilianguka mara moja, asubuhi ya baridi ya Septemba, pale Devil's Elbow, kona ya kushoto inayoteremka kuelekea mstari wa kumalizia. Mallory inazunguka kwa kulia, hivyo tairi hupata moto zaidi upande wa kulia, na upande wa kushoto hubaki baridi hata kama mkono wako unakuambia tairi imeshika. Nililaza kwenye mzunguko wa pili kama ninavyolaza kwenye wa sita, tairi ya mbele ikaondoka bila onyo. Wenzo wa klachi na pedali ya gia vilivunjika. Mimi sikuumia, na kwa kuwa nilibeba vipuri hivyo, baada ya daktari na mkaguzi kuniruhusu nilikimbia tena mchana uleule. Tangu hapo, nikiwa kwenye uwanja wowote wa kulia, mizunguko mitatu ya kwanza naziheshimu kona za kushoto.

Gharama pia zinatetea pikipiki ndogo. Jozi moja ya tairi ilinitosha siku tatu za mazoezi na wikendi nzima ya mbio, na wenzangu wa 600 walikuwa wakibadilisha za kwao karibu kila shindano. Hamia 600 pale ambapo wenye pikipiki kama yako hawakuachi tena ndani ya kona, na si kabla.

Ukinunua, tafuta iliyokwishaandaliwa kwa mbio, kwani kuandaa mwenyewe kunagharimu zaidi. Kabla ya kulipa, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na utazame kwenye fremu vile vipande vya chuma vinavyouzuia. Kimoja kikiwa kimepinda, kimevunjika au kimechomelewa, pikipiki hiyo iliwahi kuanguka vibaya; iache, hata kama bei ni nzuri.