Muulize Fundi: Herufi moja mwishoni mwa prosesa

Shikamoo fundi. Mimi napiga video za harusi, nakaa Tudor, Mombasa. Natumia Sony A7 IV na nahariri kwa Premiere Pro kwenye laptopu iliyochoka. Nikisogeza video inakwama mpaka naona haya mbele ya mteja. Nimejibana nikapata shilingi 150,000 za kuunda kompyuta ya mezani, skrini ninayo. Usiku napenda pia kucheza gemu la mpira na ndugu zangu. Duka moja limenipa orodha hii: prosesa ya Core i5-12400F, kadi ya picha ya RTX 4060, RAM ya GB 16 kipande kimoja, diski ya SSD ya TB 1, pawasaplai (kile kisanduku cha kulisha stima) ya "wati 600" isiyo na jina, na kasha la kioo lenye feni sita za taa. Nilipe?
*Binti wa Tudor*

Marahaba, mwanangu. Usilipe kwanza. Kwa kijana wa gemu tu, orodha hiyo ingepita. Kwako ina tundu, na muuzaji hakuliona kwa sababu hakukuuliza unarekodi nini.

Kamera yako inarekodi 4K ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2. Video ya namna hiyo hubeba habari za rangi maradufu ya zile za 4:2:0, ndiyo maana ukirekebisha mwanga hina na dhahabu za bi harusi haziharibiki. Shida iko kwenye kuifungua. Kompyuta isiyo na sakiti maalumu ya kuisoma huitupia prosesa kazi yote, na hapo ndipo unapoona kukwama.

Sasa angalia orodha yako. RTX 4060 haina sakiti hiyo. Kadi za GeForce, ukoo wa hiyo RTX yako, zilianza kufungua 4:2:2 kwenye kizazi cha RTX 50, mwaka 2025. Prosesa za Ryzen, za kampuni ya AMD, nazo hazina. Intel za vizazi vya karibuni zinayo, ndani ya grafiki iliyojengwa kwenye prosesa yenyewe. Wenyewe wanaiita Quick Sync. Kisha njoo kwenye ile F ya 12400F: maana yake grafiki hiyo imezimwa. Yaani duka limekuchagulia prosesa iliyokatwa kile hasa unachokihitaji, ili uokoe pesa kidogo. Mcheza gemu hatajua tofauti maisha yake yote. Wewe utaijua siku ya kwanza.

Kwa hiyo chukua i5-12400 isiyo na F. Ina viini sita, nyuzi 12, inatosha kazi yako na mpira wenu. Kuna sharti moja: Quick Sync hufungua 4:2:2 iliyobanwa kwa mtindo wa H.265, si wa H.264. Kwenye menyu ya kamera chagua XAVC HS, ndiyo H.265, si XAVC S, ambayo ni H.264. Video zako za zamani za XAVC S zitaendelea kusumbua, labda upate RTX 5060, ambayo hufungua zote mbili. Pesa zikifika, chukua hiyo 5060 badala ya 4060. Zisipofika, RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika inafaa, mradi muuzaji akuruhusu kuiwasha dukani na kucheza gemu nusu saa ukiisikiliza feni.

RAM iwe GB 32, vipande viwili vya 16, kwa sababu kipande kimoja huiacha prosesa ikisoma kwa njia moja badala ya mbili. Najua bei zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia akili mnemba. Ukibanwa, nunua mazabodi (bodi kuu) ya B760 inayotumia RAM ya aina ya DDR4, yenye nafasi nne, uanze na vipande viwili vya 8, uongeze mambo yakitulia. Soma kasha la mazabodi vizuri: ya DDR4 haikubali DDR5, hata ukisukuma.

Kuhusu diski, tufanye hesabu. Ukirekodi kwa megabiti 200 kwa sekunde, ni megabaiti 25 kila sekunde, GB 90 kwa saa. Harusi zetu unazijua, kupamba peke yake kunakwenda hadi usiku wa manane. SSD ya TB 1 iwe ya Windows na ya kazi iliyo mkononi. Kazi iliyokwisha ihamie kwenye diski ya kawaida ya TB 4 au zaidi. Na hapa nakusema kama mzazi. Wewe unaitwa kwenye shughuli za wanawake kwa sababu mwanamume haingii, na mle ndani watu wamevua mabuibui. Hiyo diski ifungwe kwa nywila. VeraCrypt ni ya bure. Siku mashine ikiharibika, itoe, iache nyumbani, ndipo uipeleke kwa fundi. Hata ukija kwangu.

Pawasaplai isiyo na jina ikatae. Inyanyue tu: nyingi ya hizo ni nyepesi kama boflo, na maandishi ya wati ni mapambo. Chukua ya wati 550 hadi 650 ya kampuni inayojulikana, yenye muhuri wa 80 Plus Bronze. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, hiyo ndiyo inayosimama mbele ya vitu vyako vyote.

Usisahau UPS, ile betri ya kushikilia mashine stima ikikatika. Prosesa ikikazana hufika wati 117, RTX 5060 ni 145. Weka mazabodi, diski, feni na skrini, unakaribia 340. UPS nyingi za 650VA zinabeba wati 325 hadi 390 hivi, kwa hiyo iko pembeni kabisa. Tafuta ya 1000VA au zaidi. Kazi yake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si kumalizia mechi.

Kasha la kioo mbele liache. Joto la Machi unalijua. Hewa inayoingia tayari ni ya moto, na taa hazipoozi kitu. Taka lenye wavu mbele na kichujio cha kuvuta. Feni tatu zatosha.

Fundi, kijana wangu wa kidato cha pili anataka kompyuta ya gemu. Nimepata ya ofisi, ex-UK, Dell OptiPlex yenye i5 ya kizazi cha 6, bei nzuri. Je, naweza kuongeza kadi?
*Baba Salim, Mikindani*

Unaweza, lakini si kadi yoyote. Mashine hizo zina pawasaplai ndogo, mara nyingi bila waya wa kulisha kadi, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo kuibadilisha ni tabu. Kadi isiyohitaji waya, kama GTX 1650 ya aina inayokula wati 75 kutoka kwenye mazabodi tu, itaingia. Kama kasha ni jembamba, tafuta ile ya kimo kifupi (low profile). Jambo la pili ni kwamba Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia Intel ya kizazi cha 8. Ongeza kidogo, mzee mwenzangu, upate ya kizazi cha 8.

Kompyuta yangu iko Mji wa Kale, dirisha linatazama bahari. Skurubu zimeshika kutu, na siku nyingine haiwaki mpaka nichomoe RAM na kuirudisha. Nimeishonea kifuniko cha plastiki.
*Msomaji, Mji wa Kale*

Ni chumvi. Isogeze mbali na dirisha, na miguu yake isikae sakafuni. Zima, chomoa waya wa stima, toa RAM, usugue meno yake taratibu kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, uache ikauke. Iwashe angalau kila baada ya siku mbili hata kama huna kazi, kwa kuwa joto lake hufukuza unyevu. Kifuniko si kibaya ikiwa imezimwa na imepoa, ila ukiwasha kivue chote, usikikunje nusu juu ya feni ya nyuma.