Kwa mnaoanza kazi za kodi: mwajiri akikosea, anayeulizwa ni mfanyakazi

Faili ya kwanza ya namna hii ikifika mezani kwako, mteja atakuwa na neno moja tu: "Kosa si langu, ni la kampuni." Huenda anasema kweli. Lakini mkaguzi hakuja kutafuta mwenye kosa. Anazo hesabu mbili zisizolingana: mshahara ambao mwajiri aliutaja kwa mamlaka ya kodi, na ule ambao mfanyakazi aliujaza kwenye ritani yake, yaani fomu ya mwaka ya kutangaza mapato. Ya mwajiri ndiyo anayoanza kuiamini, kwa sababu haikutoka kwa mlipakodi mwenyewe. Kazi yako ni kumwonyesha tofauti hiyo ilizaliwa wapi. Malalamiko yasubiri.

Hati ya mwaka ya mshahara ina majina mengi: Marekani ni W-2, Uingereza P60, Kenya P9. Usianze nayo, maana ndiyo inayobishaniwa. Anza na hati za mshahara za kila mwezi pamoja na taarifa ya benki. Chora jedwali la mistari 12: mshahara ghafi (kabla ya makato), kila posho, kila makato, kilichobaki, kilichoingia benki na tarehe yake. Ni kazi ya kuchosha, na wengi huiruka wakakimbilia kuandika barua ndefu ya utetezi. Niamini, mkaguzi husoma jedwali kwanza. Barua yako ataisoma akipata nafasi.

Jedwali likishakamilika, itazame tofauti yenyewe, kwani mara nyingi hujitaja. Tuseme mwajiri aliripoti 1,536,000, na hati za kila mwezi zinafika 1,440,000. Zimezidi 96,000. Gawanya kwa 12, unapata 8,000 kamili. Hapo tafuta posho ya 8,000 kwa mwezi iliyohesabiwa mara mbili, au marejesho ya nauli za kikazi yaliyochanganywa na mshahara. Tofauti ikilingana na mshahara wa mwezi mmoja, uliza kama kampuni ilibadilisha programu ya mishahara katikati ya mwaka; mwezi wa kuhama huweza kuingizwa kotekote. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizopishana wakati wa kuandika, 45,000 ikawa 54,000. Ujanja huu wa wahasibu wa zamani hauthibitishi kitu mbele ya mkaguzi, ila unakuonyesha pa kuchimba.

Bonasi nayo ina vituko vyake. Imeidhinishwa Desemba, imelipwa Januari, mwajiri akairipoti mwaka uliokwisha. Kwa mfanyakazi, nchi nyingi huhesabu mwaka aliopokea fedha, kwa hiyo una hoja. Lakini ukiiondoa mwaka huo uliokwisha, hakikisha ipo kwenye ritani ya mwaka unaofuata, kwa sababu mkaguzi ataifuata huko huko.

Na kabla hujamtupia mwajiri lawama, angalia kama mteja hajalinganisha mshahara ghafi na kipato kinachotozwa kodi. Pale ambapo michango ya pensheni hutolewa kabla ya kodi, hesabu hizo mbili lazima zitofautiane. Hapo hakuna kosa la mtu.

Mwandikie mwajiri, usipige simu tu. Ambatanisha jedwali, taja mwezi na kiasi, mpe tarehe ya kujibu. Barua yake ya kukiri kosa inasaidia lakini haitoshi. Anatakiwa arekebishe taarifa aliyoiwasilisha kwa mamlaka. Marekani marekebisho hayo hupitia fomu ya W-2c, na mwajiri akigoma au akiwa amefunga biashara, mfanyakazi ana Fomu 4852 ya kujaza badala ya W-2. Kwingineko, nakala za barua ulizoandika bila kujibiwa ni ushahidi, zitunze.

Wakati huo huo tarehe ya mkaguzi haikungoji. Omba muda zaidi kwa maandishi kabla haijapita. Ukinyamaza, makadirio ya kodi anayodaiwa mteja yatatolewa kwa hesabu ya mwajiri, kisha utajikuta kwenye pingamizi lenye masharti na tarehe zake nyingine.

Kuna mteja atakayekuletea hati "mpya" za mshahara, zimechapishwa jana na rafiki yake wa ofisini zikiwa na tarehe za zamani. Zirudishe. Kosa la mwajiri lilikuwa la hesabu. Hizo ni za kughushi, na jina lako litakuwa juu ya faili.

Suala la kodi iliyokatwa lakini haikupelekwa serikalini ni jingine, lishughulikie peke yake. Marekani, kodi iliyokatwa kweli kwenye mshahara huhesabiwa kuwa ya mfanyakazi hata kama mwajiri aliikalia, na hati za mshahara ndizo zinazoonyesha kwamba ilikatwa.

Mkaguzi akikubali hoja yako, subiri barua ya kufunga ukaguzi, kisha umwombe mteja aangalie kumbukumbu zake kwa mamlaka kama hesabu ya mwajiri imebadilika. Kama bado ni ile ya zamani, usifunge faili.